Joto la Moshi lisikuvue jaketi

Wiki hii tuongee pamba. Si pamba za disko, hizo tumeshaziongea hadi kuna washikaji wananiita fundi cherehani. Leo ni pamba za kupandia mlima. Juni hadi Agosti watalii wanamiminika Kilimanjaro, na vijana kibao wa mjini wanakwenda kule kusaka noti kwa kubeba mizigo. Kipupwe kikija kama kipupwe hakuna neno: Moshi inafunikwa na mawingu, baridi inauma, kila mtu anavaa sweta bila kuambiwa. Kasheshe ni pale kipupwe kinapokuja na joto.

Julai moja nilikuwa Moshi kwa mama mdogo. Nilishuka stendi nimejikoki jaketi zito kama naenda Ulaya, nikakuta watu wako kwenye fulana. Jua kali, upepo unavuma hadi mabati yanapiga kelele na vumbi linaingia mdomoni. Nyuzi 28, mwezi wa saba! Asubuhi yake mawingu yakafunguka, Kibo hiyo hapo, ina theluji mpya, nyeupe pee. Kijiweni kila mtu akawa mtabiri. Mmoja akasema mlima umechanganyikiwa.

Mlima haujachanganyikiwa hata kidogo. Hesabu yake ni ya kidato cha pili tu. Ukipanda mita 1,000, joto linapungua kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu hivi. Moshi mjini iko kwenye mita 850 hivi, kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Tofauti ni kama mita 5,000. Sasa toa mwenyewe: mjini nyuzi 28, kileleni ni karibu nyuzi 5 chini ya sifuri. Barafu hiyo, bwana!

Na theluji je? Hewa ya joto inabeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi, kama asilimia 7 zaidi kwa kila nyuzi moja. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukigonga mlima, hauna njia ila kupanda. Unapanda, unapoa, unamwaga ulichobeba: msituni mvua, juu theluji. Kwa hiyo upepo uleule unaokupepea vizuri pale stendi unaweza kuwa ndio unaowamwagia wenzio theluji kule juu. Halafu ongeza makali ya upepo wenyewe. Katika nyuzi 5 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 40 kwa saa unaufanya mwili usikie kama nyuzi 14 chini ya sifuri.

Haya yote hayakumwingia mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Ana miaka 20, amepata safari yake ya kwanza ya upagazi, amevaa jinzi, fulana na raba. Nikamwambia achukue jaketi langu.

“Braza, umeona jua hilo? Litanifia begani bure.”

Mama mdogo akambembeleza: “Mwanangu, beba basi hata sweta la baba yako.” Akacheka, akaondoka. Aliyemwajiri naye hakumkagua chochote zaidi ya mgongo.

Siku ya kwanza mvua iliwakuta msituni, jinzi likalowa chapachapa. Juu ya Horombo, njiani kwenda Kibo Hut, upepo ukaanza na theluji juu yake. Dogo akatetemeka hadi meno yakagongana. Baadaye kutetemeka kukaisha, akajiona yuko poa kabisa, akataka kukaa kwenye jiwe apumzike. Mzee mmoja mpagazi akamsemesha, akasikia dogo anajibu kama mlevi. Hakumwacha akae. Walimvua nguo mbichi nyuma ya jiwe, mzee akamvika zake za akiba, wakamnywesha chai ya moto, wakamteremsha Horombo. Mpaka leo vidole viwili vya mguu havisikii kitu. Na malipo ya siku alizoshushwa yakakatwa.

Msomaji, hapo pa kuacha kutetemeka pashike vizuri. Mtu aliyekuwa anatetemeka kwa baridi, akaacha ghafla huku anajikwaa na maneno yanamkatika, hajapona. Mwili umeishiwa nguvu ya kujipasha moto. Mtoe kwenye upepo, mvue kilicholowa, mvike kikavu, mteremshe. Na usimpe pombe kali ati imchemshe damu. Pombe inafungua mishipa ya ngozini, anajisikia joto huku joto lenyewe linamtoka.

Sasa pamba. Pamba ya mlimani isiwe ya pamba! Jinzi na fulana zikilowa zinashika maji na hazikauki upesi. Nenda mtumba pale soko la Memorial, tafuta sweta la sufu, jaketi lisilopitisha maji, suruali nyepesi inayokauka haraka, kofia ya kufunika masikio, glavu na soksi nzito. Rangi zisipoendana, poa tu, kule juu hakuna wa kumringia. Nguo za kulalia zifunge ndani ya kitu kisichoingiza maji, na usizivae njiani hata ushawishike vipi.

Kama mfuko umetoboka, kuna KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi Kilimanjaro ulioanza 2003. Wapo Moshi, na wanawaazima wapagazi nguo za mlimani bure. Kuomba si aibu. Na kabla hujakubali safari, uliza mambo matatu: mzigo ni kilo ngapi, maana kikomo ni 20, nitalala wapi, na nikiugua nashushwa na nani, kwa malipo gani? Bosi akikunja uso kwa maswali hayo, kwenye theluji hatakukunjulia.

Anayekucheka stendi kwa sababu ya jaketi lako, mwache acheke. Yeye anatazama jua la Moshi, wewe tazama Kibo. Tukutane wiki ijayo, tukijaliwa.