Mbwa Akishiba Halindi, Wanasema

Ukikaa siku hizi na vijana wa Kahama au Geita mjini wanaofuga mbwa wa kizungu, nusu saa haiishi kabla hawajaanza: chakula kikavu au cha kopo? Mmoja atasema punje kavu zinasafisha meno. Mwingine atasema cha kopo kina nyama ya kweli na hakichoshi figo. Wanabishana kwa Kiswahili, ila hoja zenyewe wamezisoma kwenye simu, na zimeandikwa na watu wa nchi ambako mbwa analala sebuleni na bomba la jikoni halikauki. Nyumba ya tatu kutoka hapo, nyuma ya geti lililoandikwa MBWA MKALI, kuna mbwa aliyefungwa mnyororo tangu alfajiri. Bakuli lake halina kikavu wala cha kopo.

Sina ugomvi na anayempenda mbwa wake. Ugomvi wangu ni na swali lenyewe. Kwa huku kwetu, swali la kavu au majimaji ni swali la kifungashio, na tunaling'ang'ania kwa sababu linatupumzisha na lile gumu zaidi: mbwa wako amekula leo? Amekula nini, amepewa na nani, na amekunywa maji ya wapi?

Nianze na hesabu, maana ni fupi. Chakula kikavu cha mbwa kina maji kama asilimia 10. Cha kopo kina maji asilimia 75 hadi 80. Kopo la gramu 400, ukiyatoa maji, linakuachia chakula kisichofika gramu 100. Mbwa wa ulinzi wa kilo 30 anahitaji takriban kalori 1,400 kwa siku. Kwa chakula kikavu cha kawaida hiyo ni kama gramu 400. Kwa kopo, ni makopo manne hivi, kila siku, Jumapili ikiwemo. Kinachoongezeka kwenye bei ni maji na bati. Sisi watu wa Shinyanga, tuliosubiri mpaka mwaka 2009 ndipo mradi wa maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele ukazinduliwa, leo tunataka kulipia maji yaliyovuka bahari ndani ya kopo la mbwa.

Atakayesema cha kopo ndicho cha asili zaidi na asome historia ya biashara hiyo. Biskuti za mbwa zilianza kuuzwa London miaka ya 1860 na Mmarekani aitwaye James Spratt. Makopo yalishika kasi Marekani kuanzia miaka ya 1920, na nyama iliyojazwa humo ilikuwa ya farasi, ambao matrekta na magari yalikuwa yamewanyang'anya kazi. Ilipokuja Vita Kuu ya Pili, bati likahitajika jeshini, makopo ya mbwa yakaadimika, viwanda vikageukia chakula kikavu. Mwaka 1957 Purina wakaleta punje zilizotengenezwa kwa mashine ya kusukuma na kuumua unga kwa joto, teknolojia ya viwanda vya nafaka za kifungua kinywa, na tangu hapo kavu ikatawala. Kwa hiyo ushindani huu wa kavu na kopo uliamuliwa kwa sehemu kubwa na bati, vita na mashine. Tumbo la mbwa halikuulizwa.

Na hakuna upande ulio salama kuliko mwingine. Mwaka 2007 Menu Foods ya Kanada ililazimika kuondoa sokoni mamilioni ya makopo na pakiti za chakula cha majimaji baada ya kugundulika kuwa kiungo kilichotoka China kilitiwa melamini, na wanyama wengi wakafa kwa figo kushindwa kazi. Mwishoni mwa mwaka 2005, Diamond ya Marekani ilikuwa imeondoa sokoni chakula kikavu kwa sababu ya sumukuvu iliyoingia na mahindi. Huko maabara zipo, sheria zipo, na mwenye mbwa anajua wa kumshtaki.

Mtu wa Usukumani hapaswi kufundishwa na tangazo maana ya chakula kikavu. Bibi zetu walikata viazi vitamu wakavianika vikawa michembe, wakavichemsha kwanza ndipo wakavianika vikawa matobolwa. Hakuna aliyedhani kiazi kimeshuka hadhi kwa kukauka. Kimetolewa maji ili kingoje miezi ya njaa, na siku ya kuliwa michembe kinarudishiwa maji. Dagaa ni hivyo hivyo. Hekima yote ya chakula kikavu imo humo: kikavu kinakaa, lakini kinadai maji.

Hapo ndipo watetezi wa gunia wa huku kwetu wanaponichosha. Twende Katoro, Nyarugusu, Lwamgasa, kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu. Kuna krasha, kuna viroba vya mawe, kuna rundo la marudio lenye thamani ambayo mpita njia haioni, na kuna mbwa wa kulinda vyote hivyo. Bosi amesoma, amenunua gunia la punje, ametoa maagizo kwa simu. Mbwa anamwagiwa punje asubuhi. Zile za kopo zingempa angalau maji ndani ya chakula. Hizi zinamwachia kiu, na maji ya karibu ni ya dimbwi la kuoshea mchanga, lililochanganyika na tope la zebaki, au ya karibu na matangi ya sianidi kama hapo wanachenjua marudio. Mbwa hasomi kibao cha hatari. Ukimpa chakula kikavu mahali pa namna hiyo bila ndoo ya maji safi inayojazwa na mtu mwenye jina, umempeleka dimbwini kwa mkono wako.

Kuna na hili la kupimiwa. Gunia kubwa hufunguliwa dukani, punje zinauzwa kwa kilo kama mchele. Mnunuzi anaondoka na mfuko mweusi usio na tarehe ya kuisha muda, usiosema ni chakula cha mtoto wa mbwa au cha mkubwa. Mafuta yaliyopakwa juu ya punje yanaanza kuharibika mara hewa inapoingia. Lile ulilosoma kwenye simu, kwamba chakula hiki kina kila kitu kwa vipimo, lilibaki kwenye gunia pamoja na maandishi. Na la kusafisha meno lisikupe usingizi: punje za kawaida hupasuka jinoni kabla hazijasugua chochote cha maana.

Basi tumpe nini? Ugali. Najua baadhi yenu mmeguna. Mbwa si mbwamwitu. Mwaka 2013 watafiti walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba mbwa wana nakala nyingi zaidi ya mbwamwitu za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja wanga. Amekaa nasi na kula mezani petu miaka elfu kadhaa mpaka mwili wake umeandika hivyo. Ugali wenyewe, kwa faida ya wanaopenda makundi, ni chakula cha majimaji: karibu theluthi mbili yake ni maji uliyoyachota mwenyewe.

Tatizo ni ugali mtupu, na baya zaidi ni ugali wa mahindi ambayo binadamu ameyakataa. Huu ni mchezo wa nyumba nyingi, na za wasomi zimo: mahindi yakishika ukungu, pumba ikinuka, "wape mbwa." Sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, watu waliokula ugali kama wewe na mimi, na mbwa ni miongoni mwa wanyama ambao ini lao huathirika upesi kwa sumu hiyo. Wale wa Diamond walikufa kwa mahindi ya namna hiyo hiyo. Mbwa akidhoofika, macho yakawa ya njano, mwenye nyumba anasema karogwa na jirani.

Upande wa kitoweo, sisi wa kanda ya ziwa hatuna kisingizio. Dagaa mzima, na mifupa yake, ana protini na madini ya kalsiamu ambayo ugali hauna. Muoshe kwanza, maana anayeanikwa chini huja na mchanga wa kutosha kujengea. Kuna mapanki, mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki minofu ikishasafirishwa, ingawa hayo kuna watu wanayahitaji kwa chakula chao na sitamshauri mtu agombanie na jirani kwa ajili ya mbwa. Kuna utumbo na mapafu ya machinjioni, ila vichemshwe hasa. Mapafu na maini mabichi yana malengelenge ya minyoo ambayo hukomaa ndani ya mbwa, mayai yakatoka na kinyesi, na mwisho wake ni uvimbe kwenye ini la mtoto anayecheza naye. Weka mafuta kidogo, mboga kidogo, acha vitunguu kwa sababu vinaharibu damu yake.

Nakubali kwamba chungu hiki hakina vipimo vya maabara. Mbwa anayenyonyesha, au mtoto wa miezi mitatu wa mbwa wa mifupa mikubwa, anaweza kudhurika kwa vipimo vya kukisia, na hapo mfuko uliofungwa, wenye maandishi yake, una hoja. Mwenye uwezo anunue. Anunue kikavu, akiloweke, aweke maji. Ugomvi wangu na gunia unaishia hapo.

Ugomvi ulio mkubwa ni na msemo mmoja. Umeusikia: mbwa akishiba halindi. Nimeusikia kwa wenye maduka, kwa wenye mialo, kwa mhasibu mwenye shahada mbili. Unasemwa kwa utulivu wa mtu anayetaja kanuni ya fizikia, na kwa jina lake mbwa anapewa mlo mmoja usiku, au anaachwa "ajitafutie."

Fikiri kidogo kama mwizi. Unakwenda kwenye ua wenye viroba vya mawe ya dhahabu. Kuna mbwa wawili: mmoja kala saa kumi na mbili jioni, mwingine hajala tangu jana. Una kipande cha nyama mfukoni, na pengine kimetiwa sumu. Yupi utamnunua? Mbwa halindi kwa njaa. Analinda kwa sababu pale ni pake, watu wale ni wake, na amefundishwa. Hakuna askari wa Kikosi cha Mbwa na Farasi atakayekuja kazini na mbwa mwenye njaa akitegemea njaa hiyo imfanye hodari.

Na huyo aliyeambiwa ajitafutie, anajitafutia wapi? Machinjioni, jalalani, kwenye banda la mama lishe, anapopigana na wenzake wa mitaa mingine. Tunawaita mbwa koko kana kwamba waliota kama magugu. Watafiti waliofanya kazi ya chanjo kuzunguka Serengeti walikuta kwamba wengi wa mbwa wanaozurura wana wenyewe. Wana nyumba, wana majina, wakati mwingine majina ya wanasiasa. Wanachokosa ni sufuria.

Kichaa cha mbwa husafiri katika mapigano hayo. Dunia nzima inakadiriwa kupoteza watu wapatao 59,000 kila mwaka kwa ugonjwa huu, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na karibu wote Afrika na Asia. Katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, kupona ni kama hakuna. Kinga yake inajulikana: ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakatika. Lakini mbwa wa kuchanjwa ni yule anayeletwa kituoni na mtu anayemshika shingo bila kuumwa, na mbwa anayekubali kushikwa ni yule anayemjua anayemlisha. Mlo wa jioni ni sehemu ya chanjo. Sijui kwa nini matangazo ya Septemba 28 hayasemi hivyo.

Sheria nayo ipo tangu mwaka 2008, Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19, na ndani yake njaa na kiu vya mnyama unayemmiliki vimetajwa kuwa ni jukumu lako. Sijasikia mtu aliyehojiwa kwa mbwa wa getini. Tunahojiana wenyewe kwenye magrupu ya WhatsApp kuhusu ladha ya kuku na ladha ya ng'ombe.

Tena tusijifanye hatujui ni nani anayelisha. Si wewe mwenye mbwa. Ni mlinzi, mzee fulani wa Bukombe au Kishapu, anayelala kibandani na mbwa mlangoni. Gunia likinunuliwa, linakabidhiwa kwake na onyo juu: "Mzee, hiki ni cha mbwa, ni ghali." Mshahara wake kwa mwezi mara nyingine haufiki bei ya magunia mawili ya hicho anachoonywa asikiguse. Likiisha kabla ya mwisho wa mwezi anaulizwa kama amekiuza. Lisiponunuliwa, mbwa anamtazama yeye, naye anamega ugali wake.

Ukimpa mzee huyo unga wa kutosha, dagaa, mkaa na ndoo mbili zenye mfuniko, moja ya maji ya kupikia na moja ya kunywa mbwa, atapika sufuria moja na wote wawili watakula saa kumi na mbili, yeye kwanza, kabla giza halijaingia na geti halijafungwa. Unga upimwe kwa mwezi mzima, na zile siku ambazo wewe uko Mwanza zihesabiwe pia.