Hodi Kabla ya Picha

Ijumaa iliyopita, tulipotoka kuswali, nilimwona kijana amechutama mbele ya bikizee anayekaa penye mlango wa msikiti. Nikadhani anampa sadaka. Kumbe anampiga picha kwa simu! Hakutoa salamu wala senti. Aliitazama picha yake, akaridhika, akaenda zake.

Najua nitaambiwa hiyo ni sanaa, na kwamba picha ya nyeusi na nyeupe huonyesha dhiki ilivyo hasa. Sibishi. Mwaka 1916 Mmarekani Paul Strand alimpiga picha mama mmoja mchuuzi katika barabara ya New York. Mama ni kipofu. Kifuani ana kibao kinachosema hivyo, na juu yake beji ya leseni. Jicho moja limefumba, jingine laelekea kando. Ukiiona picha ile huisahau. Lakini Strand alikuwa amefunga lenzi ya bandia ubavuni mwa kamera, ili watu wadhani analenga kwingine. Kwa mama yule hata hila hiyo ilikuwa ya bure. Jarida la Camera Work lilipoitoa mwaka 1917, liliiita picha ya New York, basi. Jina la mwenye uso halimo.

Wako wasemao kwamba mtu akiombwa ruhusa hujitengeneza, na ukweli ukatoroka. Hasha! Shahidi wangu ni Milton Rogovin, mpima macho wa mji wa Buffalo, huko huko Marekani. Tangu 1972 alizunguka na kamera yake mitaa ya mafukara ya Lower West Side. Mwanzo wenyeji walimshuku kuwa askari kanzu. Yeye aliomba idhini, akamwacha kila mtu asimame apendavyo, kisha akarudi kuwapa nakala zao. Alirudi tena miaka ya themanini, ya tisini, na mwanzoni mwa 2000, kuwapiga wale wale. Watu wake wanakutazama usoni. Ufukara wao unaonekana wazi, na sitara yao haikuvunjwa.

Yule bikizee nilimwendea, nikamwamkia, nikamwuliza kama alijua amepigwa picha. Akasema alidhani mtu yule anatafuta sarafu mfukoni. Akanyamaza kidogo.

"Mwanangu," akaniuliza, "ushungi wangu ulikuwa umekaa sawa?"