Kubisha Upepo Nako ni Kusoma

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ni maarufu madarasani mwetu, na mwanafunzi hodari ataifafanua bila kusita. Lakini mwulize chombo hicho huendaje pale upepo unapovuma kutoka kule kule kinakokwenda, naye atanyamaza. Huenda hata mwalimu wake akanyamaza. Tumerithi lugha iliyolelewa na bahari, ilhali bahari yenyewe tumewaachia watalii. Hilo ndilo ninalotaka tulitafakari leo.

Jambo hili nililiona waziwazi katika likizo ya Agosti mwaka 2023, nilipokwenda Diani, kusini mwa Mombasa, pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili. Sisi watu wa bara tulikuwa tumejaa mchangani, tukipiga picha na kunywa madafu. Waliokuwa majini juu ya mbao za matanga walikuwa wageni kutoka Ulaya. Binti yetu, aliyekuwa kidato cha pili na aliyejua kuogelea, aliomba naye ajaribu.

Kwa asiyeujua mchezo huo, ni ubao mrefu wenye pezi chini yake na mlingoti mmoja juu. Mlingoti huo haukukazwa; umeunganishwa kwa kiungo kinachouruhusu kuinama kila upande. Usukani hakuna. Mwendeshaji husimama, akalishika tanga kwa mikono yake, na kuuelekeza ubao kwa kuulaza mlingoti mbele au nyuma.

Mwalimu, kijana wa pale pale, alianza kumfundisha kwa Kiingereza, kama alivyozoea. Binti akamwambia, "Kaka, mimi Mkenya. Nifundishe kwa Kiswahili." Kijana akacheka, na tangu hapo maneno yake yakabadilika. "Haya, dada. Ukitaka kwenda joshi, kule upepo unakotoka, laza mlingoti nyuma. Ukitaka kushuka demani, kule unakokwenda, ulaze mbele. Na ukiona umechukuliwa, usiogope. Bisha."

Alianguka mara nyingi, akainuka. Hatimaye tanga likajaa, ubao ukaondoka. Furaha yetu haikudumu. Alasiri ile upepo wa kusi ulizidi nguvu, ukamsukuma kuelekea kaskazini hata jaketi lake la kuokolea likawa kidoa tu machoni petu. Mama yake alitaka afuatwe kwa mashua. Kijana, ambaye hakumwondolea macho, alijibu kwa upole, "Mama, bado yumo ndani ya mwamba, na maji hapo ni ya kifuani. Mwache abishe."

Akabisha. Alikwenda mshazari upande mmoja, akageuza tanga, akaenda mshazari upande wa pili, na kila safari akajipatia hatua chache za kurudi. Ilimchukua karibu saa nzima. Alipofika, mikono ilikuwa ikimtetemeka, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Baba, sasa nimeielewa ile fizikia!"

Lilikuwa neno zito. Darasani alikuwa amechora mishale ya kani na kukariri jibu; majini kani zilikuwa mikononi mwake. Hakuna chombo cha tanga kiwezacho kwenda moja kwa moja dhidi ya upepo. Lakini tanga likielekezwa kwa mshazari hufanya kazi kama bawa la ndege, na pezi lililo majini huuzuia ubao usisukumwe ubavu, basi nguvu inayosalia huusogeza mbele.

Kiswahili nacho kilipata somo. Mwanafunzi anajua kubisha mlango, na anajua kubisha kwa maneno. Ni wangapi wajuao kwamba kubisha ni pia kukipeleka chombo huku na huku dhidi ya upepo? Ni wangapi wajuao tangambili, majira ya kati ya kusi na kaskazi, pepo zinapobadilika? Kijana yule alisema kwamba maneno hayo aliyapata kwa babake mvuvi, na kwamba kazini hana wa kumwambia. Neno lisilo na wa kuambiwa litaishi miaka mingapi?

Wako watakaosema kuwa huu ni mchezo wa kigeni na wa matajiri. Ni kweli kwamba ubao wa tanga uliundwa Marekani. Newman Darby aliutengeneza wake mwaka 1964, na Hoyle Schweitzer na Jim Drake wakaombea hataza wa kwao mwaka 1968. Uliingia katika Michezo ya Olimpiki mjini Los Angeles mwaka 1984. Lakini elimu ya upepo haikuzaliwa huko. Kwa karne nyingi majahazi yalifika pwani yetu kutoka Arabuni kwa kaskazi na kurejea kwa kusi, na manahodha wake walizisoma pepo kama sisi tusomavyo vitabu. Wengine watasema kuwa bahari ni hatari. Naam, ni hatari, na zaidi kwa asiyeifahamu.

Siombi kila shule inunue mbao za matanga. Naomba mambo matatu ambayo hayahitaji mali nyingi. Kwanza, shule zilizo karibu na maji salama ziwafunze watoto kuogelea chini ya uangalizi. Pili, wavuvi na manahodha waalikwe madarasani, pwani na hata kandokando ya Ziwa Victoria, ambako matanga bado yanatumika. Mtaala wa umilisi hauna maana iwapo umilisi wa wazee hawa hautapewa nafasi. Tatu, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa fizikia wakutane, walifundishe neno kubisha pamoja, mmoja akieleza maana, mwingine akieleza sababu.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Tukiendelea kuwakalisha wana wetu mchangani, itafika siku watakapolazimika kulipa ada ili wafundishwe, kwa lugha ya watu wengine, yale ambayo babu zao waliyajua kwa lugha yao wenyewe.