Kura Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Ndugu wananchi, na hasa nyinyi mnaoumia kwa ajili ya haki makanisani na katika makundi ya mageuzi:

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka anayekopesha bila kuandika hufunga duka mapema, na hana wa kumlaumu. Sisi Wakenya tuna mali iliyo kubwa kuliko duka lolote, nayo ni mamlaka tunayomkabidhi mbunge kila mwaka wa tano, Jumanne ya pili ya Agosti. Tunamkabidhi, tunapiga vigelegele, kisha tunarudi makwetu bila kuandika chochote. Miaka mitano ikiisha anarudi na hadithi tamu, nasi hatuna la kumjibu.

Hoja yetu ni moja. Kila parokia, kila usharika na kila kikundi cha wapenda mageuzi kiwe na daftari la mbunge wa eneo lake. Ndani yake ziandikwe kura alizopiga, siku alizokosekana, na maneno aliyotuambia huku nyumbani. Mbunge ana vinywa viwili. Kimoja hukitumia matangani na kwenye harambee. Cha pili hukitumia Bungeni. Kinachotutungia sheria na kututoza kodi ni hicho cha pili, nacho ndicho tusichokisikia.

Yaliyopita yatufunze. Juni 1982 Bunge liliingiza Kifungu 2A katika Katiba ya wakati huo, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Hoja iliwasilishwa na Charles Njonjo, ikaungwa mkono na Mwai Kibaki, aliyekuwa Makamu wa Rais. Desemba 1991 kifungu hicho kilifutwa, na mwezi huo huo Kibaki akajiuzulu serikalini na kuanzisha chama cha upinzani. Mwaka 2002 alichaguliwa kuwa Rais kwa njia ile ile ya vyama vingi ambayo alikuwa amesaidia kuifunga miaka ishirini nyuma. Hatuyasemi haya kumtia marehemu doa. Mtu hubadilika, na kubadilika kwa dhati si aibu. Lakini raia ana haki ya kujua kwamba mtu amebadilika, ili amwulize kilichombadilisha.

Tazameni pia Bunge lililochaguliwa Machi 1988, mwaka wa mlolongo, wapiga kura walipopangwa foleni mchana kweupe na foleni fupi zikatangazwa kuwa ndefu. Agosti mwaka huo Bunge hilo liliwaondolea majaji ulinzi wa kazi zao. Mwaka 1990 Bunge lilo hilo likawarudishia ulinzi huo. Desemba 1991 likafuta Kifungu 2A. Je, waheshimiwa walikuwa wamesoma vitabu gani katika miaka hiyo mitatu? Hakuna. Wananchi na viongozi wa dini walipaza sauti, wafadhili wakafunga mifuko, mkuu wa nchi akabadilisha amri, na mikono ikainuka kuifuata amri mpya kama ilivyoinuka kuifuata ya zamani.

Atakayesema hayo yalikuwa ya zama za chama kimoja, na akumbuke Juni 2024. Tarehe 20 mwezi huo, Mswada wa Fedha uliposomwa mara ya pili, wabunge 204 waliuunga mkono na 115 wakaupinga. Tarehe 25, vijana wakiwa barabarani kote nchini, waliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyo hiyo risasi zililia nje ya kuta za Bunge. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 39 waliouawa katika maandamano hayo kufikia Julai 1. Na tarehe 26, Rais William Ruto alipotangaza kwamba hatautia mswada huo sahihi, nyuma yake walisimama wabunge wa upande wake, nao wakampigia makofi. Jumanne waliupitisha, Jumatano wakashangilia kuzikwa kwake. Hao ni ndugu wa damu wa wale wa mwaka 1988.

Kulikuwa na tofauti moja kubwa, nayo ndiyo kiini cha hoja yetu. Mwaka 2024 kura zilihesabiwa kwa majina, na vijana wakaisambaza orodha nchi nzima. Kwa hiyo mbunge aliyesema ndiyo hakuweza kurudi nyumbani na kudai kwamba alisema la. Orodha ya majina ilifanya kazi ambayo hotuba elfu zisingeifanya.

Wanasiasa wanaifahamu nguvu hiyo, na ndiyo sababu wana maficho mawili. Ficho la kwanza ni kura ya sauti. Mambo mengi Bungeni huamuliwa kwa wabunge kupaza sauti ya ndiyo au la, na Spika kutangaza ni upande upi umeshinda. Majina huandikwa pale tu wabunge wa kutosha wanaposimama kudai kura zihesabiwe. Septemba 2018, Bunge lilipojadili kodi ya asilimia 8 juu ya mafuta, uamuzi ulitangazwa kwa kupima sauti huku ukumbi umejaa kelele. Mama aliyenunua mafuta ya taa kwa bei mpya angemwuliza nani? Sauti haina sahihi chini yake. Kila mbunge aweza kuapa kwamba yeye alikuwa upande wa mama huyo.

Ficho la pili ni kiti kitupu. Katiba ya 2010 inataka jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya wanachama wa chombo chochote cha kuchaguliwa. Ili mswada wa kutimiza agizo hilo upite, zilihitajika kura 233 kati ya wabunge 349. Aprili 2016 zilipatikana 195. Mwezi uliofuata, 178. Februari 2019 wabunge waliokuwa ukumbini walikuwa 174, hata kura yenyewe isipigike. Waliosimama waziwazi kuupinga mswada huo mwaka 2016 walikuwa wachache; viti vitupu ndivyo vilivyouangusha. Mambo yakafika mahali ambapo Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge. Halikuvunjwa. Na wale waliokosekana walirudi kwa akina mama wa maeneo yao wakiwasifu kuwa uti wa mgongo wa taifa.

Wakristo wenzetu, mtu huyu mnamfahamu. Pontio Pilato alinawa mikono mbele ya umati ili asihesabiwe upande wowote. Maji yale hayakumsaidia kitu. Karne ishirini zimepita na jina lake bado hutajwa makanisani kila tunapoikiri imani, kwa kuwa wapo walioandika. Basi asiyekuwepo siku ya kura, bila ugonjwa wala udhuru wa haki, naye aandikwe.

Kisheria hatuombi hisani. Kifungu cha 118 cha Katiba kinaliamuru Bunge lifanye kazi zake kwa uwazi na kuwashirikisha wananchi. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya mwaka 2016 ikaweka utaratibu wake. Hansadi ni kumbukumbu rasmi, na kuinukuu kwa usahihi si kumkashifu mtu. Kifungu cha 104 nacho kinatupa haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muhula wake kwisha, lakini waheshimiwa walitunga masharti magumu ajabu, na mwaka 2017 Mahakama Kuu iliyatangaza kuwa kinyume cha Katiba. Tangu 2010 hajaondolewa mbunge hata mmoja kwa njia hiyo. Silaha tuliyobaki nayo ni kura ya Agosti, na kura isiyo na kumbukumbu ni upanga mikononi mwa kipofu.

Tutaambiwa kwamba kazi ya mbunge ni maendeleo, na kwamba mheshimiwa amejenga madarasa na kununua basi la shule. Tunajibu kwa Kifungu cha 95: Bunge la Taifa huwakilisha wananchi, hutunga sheria, hugawa fedha za umma na kuichunguza serikali. Hakuna mahali palipoandikwa ununuzi wa mabasi. Isitoshe, anayekujengea darasa kwa fedha zako mwenyewe kisha akapiga kura ya kupandisha bei ya mkate wa mtoto atakayeketi humo, hajakupa zawadi.

Tutaambiwa pia kwamba chama ndicho kilichoagiza, na kiranja alikuwa akitazama. Tulipigania vyama vingi ili mawazo yawe mengi. Hatukuvipigania ili amri ya chama kimoja igawanywe katika maofisi kumi. Mbunge anayeona kwamba chama chake kimekosea aseme hivyo ndani ya Bunge, si matangani.

Basi daftari hilo liandikwe namna gani? Liandikwe kwa haki, maana daftari la uongo ni baya kuliko kutokuwa na daftari. Kila ukurasa uwe na tarehe na jina la mswada, kura ya mbunge au kukosekana kwake, na maneno aliyoyasema hadharani juu ya jambo hilo, mahali aliposema na siku aliyosema. Kura itolewe katika Hansadi, kamwe isitoke katika uvumi wa sokoni. Maneno yathibitishwe na mashahidi wasiopungua wawili. Pale kura ilipopigwa kwa sauti, aandikiwe barua na kuulizwa alisema nini, na jibu lake, au kimya chake, kiingizwe. Wa upinzani na wa serikali wapimwe kwa mizani moja, hata yule tunayempenda, hata yule wa kabila letu. Na daftari lisigeuzwe kuwa orodha ya kulipiza kisasi. Nyumba ya mbunge isichomwe, watoto wake wasitishwe. Anayechoma humpa mwongo nafasi ya kulilia huruma.

Kazi hii si ngeni kwa makanisa yetu. Mwaka 1988 jarida la Beyond, la Baraza la Kitaifa la Makanisa, liliandika waziwazi juu ya wizi wa mlolongo, likapigwa marufuku mwaka huo huo. Septemba 2021 Kanisa la Anglikana liliwazuia wanasiasa kuhutubu ibadani. Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki walikemea utamaduni wa uongo katika uongozi, na siku chache baadaye Jimbo Kuu la Nairobi likazikataa fedha za sadaka zilizotolewa na wanasiasa. Mimbari imefungwa na bahasha imerudishwa. Kilichobaki ni kuandika.

Anzeni na jumuiya moja, watu watatu na daftari la kawaida. Andikeni kura ya Juni 25, 2024 katika ukurasa wa kwanza, kisha msonge mbele, mswada baada ya mswada. Mheshimiwa atakapokuja, mpokeeni kwa heshima. Mpeni kiti cha mbele na chai. Kisha, kabla hajaanza kuahidi, mfungulieni ukurasa wa kwanza na kumwomba awasomee kwa sauti yake mwenyewe.