Reale ya 1780: Pima Kabla ya Kulipa



Mwezi huu swali limetoka kwa mwanafunzi anayesoma Ulaya. Babu yake, mzaliwa wa Unguja anayeishi hapa Maskati, anatimiza miaka 80, na kijana anataka kumpa zawadi ya reale ya zamani aliyoiona inauzwa mtandaoni. Muuzaji anasema ni ya mwaka 1780, imetoka kwenye sanduku la bibi yake Zanzibar, na anataka riali 60 za Oman. Je, anunue?

Jibu langu ni kwamba asilipe kwanza. Riali 60 kwa mwanafunzi ni chakula cha wiki kadhaa. Na swali hili si lake peke yake: wengi wetu tulio mbali na kwetu tunapenda kuwa na kitu cha kale cha nyumbani, na wauzaji wanalijua hilo.

Mwaka ulioandikwa si umri wa sarafu

Reale anayoisema ina sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Wafanyabiashara wa Uhabeshi, Arabuni na pwani yetu waliizoea sura ile kiasi cha kukataa nyingine. Kwa hiyo, hata baada ya kifo chake, viwanda vya sarafu viliendelea kuipiga kwa mwaka ule ule wa 1780. Vienna waliipiga, na katika karne ya 20 ikapigwa pia Rome, London, Paris, Brussels, Birmingham na Bombay. Hapa Oman ilikuwa bado inatumika mpaka riali ya Saidi ilipoanza mwaka 1970. Vienna wanaiuza mpaka leo.

Basi reale yenye 1780 inaweza kuwa moja ya aina tatu: ya kale kweli, iliyopigwa baadaye lakini ya fedha safi ya kiwango chake, au bandia ya shaba au madini mengine iliyopakwa rangi ya fedha. Zinazouzwa nyingi ni za aina ya pili. Hiyo si sarafu ya uongo, ila hadithi ya sanduku la bibi ndiyo inaweza kuwa ya uongo, nawe ukalipia hadithi. Herufi S.F. chini ya sura yake nazo hazithibitishi ukale, kwa sababu zinarudiwa katika zote.

Kuna hesabu rahisi ya kujikinga. Reale moja ina takriban gramu 23.4 za fedha halisi. Tazama bei ya gramu moja ya fedha siku hiyo, zidisha, na hapo utajua thamani ya madini yake. Muuzaji akitaka mara mbili au mara tatu ya hapo, aonyeshe kwa nini. Akiuza kwa robo ya hapo, jiulize kwa nini hakuipeleka kwa sonara.

Vipimo vya nyumbani

Kazini kwetu wauguzi hatutoi dawa kwa kusoma boksi tu. Tunasoma chupa yenyewe, kipimo na tarehe. Sarafu nayo ni hivyo hivyo.

Uzito: reale inatakiwa kuwa na gramu 28.07 hivi. Iliyochakaa itapungua kidogo, na iliyowahi kuvaliwa kwenye mkufu inaweza kuwa na tundu au kikuku kilichochomelewa. Ila ikiwa na gramu 24 au 25 bila sababu inayoonekana, iache. Tumia mizani ndogo ya sonara, si ya unga.

Ukingo: pembeni, kuizunguka, kuna maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka. Ukingo mtupu, au wenye mstari wa kiungo katikati, ni dalili mbaya.

Sumaku: ikinasa, si fedha. Lakini isiponasa usishangilie, kwa sababu shaba nayo hainasi.

Maji: weka kikombe cha maji juu ya mizani, kisha irudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, ishushe izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Reale ya kweli yenye uzito kamili itaonyesha kama gramu 2.75. Ikionyesha 3.1 au zaidi, madini yake ni mepesi kuliko fedha.

Na tafadhali, usiisugue kwa dawa ya meno wala ndimu ili ing'ae. Wakusanyaji wanapunguza bei ya sarafu iliyosuguliwa.

Sarafu nyingine za kwetu

Sultani Barghash alipigisha sarafu zake mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882: reale ya fedha na pesa ya shaba yenye picha ya mizani. Pesa ya shaba ilipigwa tena mwaka 1304. Tarakimu ni za Kiarabu, kwa hiyo kama huzijui muulize anayezijua kabla ya kuamini maelezo ya tangazo. Za dhahabu za Barghash ni nadra mno. Anayekuuzia kwa bei ya simu anakudanganya.

Kuna pia dhahabu ya Tabora, rupia 15, iliyopigwa na Wajerumani mwaka 1916 kwenye karakana ya reli wakati wa vita. Ina tembo na mlima nyuma yake. Zilipigwa 16,198 tu, na uzito wake ni gramu 7.17 hivi. Nakala zake za shaba ni nyingi.

Mwombe muuzaji mambo haya

Akupigie picha ya pande zote mbili na ukingo, sarafu ikiwa juu ya mizani, na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Mwenye sarafu mkononi hachukui dakika tano.

Tafuta picha ya tangazo mtandaoni uone kama imetumika kwingine. Soma maelezo mpaka mwisho, kwa sababu neno "nakala" hufichwa chini. Marekani sheria ya mwaka 1973 inataka nakala ziandikwe COPY, lakini wengi hawaifuati. Sarafu ikiwa ndani ya kasha la PCGS au NGC, ingiza namba kwenye tovuti yao na ulinganishe picha, maana makasha nayo hughushiwa.

Lipa ndani ya tovuti yenye ulinzi wa mnunuzi. Akikwambia umtumie pesa pembeni ili akupunguzie, muage kwa heri. Ukishapokea mzigo, pima siku hiyo hiyo, kwani muda wa kurudisha ni mfupi. Ikitokea ni bandia, hifadhi mazungumzo na picha, peleka malalamiko kwenye tovuti na kwa benki yako. Usimuuzie mwingine ili urudishe hasara; huo ni wizi ule ule.

Kwa mliopo Maskati, Benki Kuu ya Oman ina makumbusho ya sarafu hapa Ruwi. Ulizieni saa za kufungua, mkazione za kweli kwa macho kwanza. Masonara wa soko la Ruwi nao wanajua kupima madini.

Na wewe mwanangu uliyeuliza: reale ya Vienna ya mwaka wowote, ukiinunua kwa bei ya fedha yake na ukamwambia babu ukweli wake, ni zawadi nzuri kabisa. Yeye huenda aliishika sokoni na kununulia vitu, atakusimulia mwenyewe.