Karatasi ya shabaha haina upendeleo

JUMA lililopita nilipata barua kutoka kwa mama mmoja wa Nakuru aliyeniomba nisilitaje jina lake. Anasema mumewe, ambaye ana leseni na amejiunga na klabu ya kulenga shabaha, ameapa kununua bastola kubwa ya milimita 9 "kama zile za sinema". Amekwisha kuiazima ya rafiki yake mara tatu, na kila mara risasi nyingi zimeingia udongoni. "Je," anauliza mama huyu, "hizi pesa za karo zitapotea bure?"

Mama, kwanza nikutulize. Mumeo hana hatia kwa kuupenda mchezo huu. Kulenga shabaha ni mchezo wa heshima, na umo katika Olimpiki tangu ile ya kwanza ya Athens mwaka 1896. Kosa lake ni kuichagua bastola kwa masikio. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma.

Ninayajua haya kwa sababu yalinipata. Siku yangu ya kwanza uwanjani niling'ang'ania bastola kubwa. Risasi ya kwanza iligonga karibu na katikati, nami nikavimba kichwa. Ya pili ilikwenda chini. Kufikia ya tano nilikuwa nikifumba macho kabla hata ya kuvuta. Nikailaumu bastola.

Mwalimu wetu, mzee aliyestaafu kutoka polisi, hakubishana nami. Aliichukua bastola ile, akaijaza mwenyewe na kuchanganya humo risasi bandia zisizo na baruti bila kunionyesha. Nilipovuta na mlio usitokee, mtutu uliinama chini peke yake, nusu shubiri nzima! Wenzangu wakaangua kicheko. "Kijana," mzee akasema, "bastola haijakosa. Wewe ndiwe unayelikimbia teke lake kabla halijaja."

Akanipa bastola ndogo ya .22, yaani yenye risasi ya upana wa milimita 5.6 hivi. Teke lake ni dogo, mlio wake haushtui, na risasi zake ni nafuu kuliko za milimita 9. Basi mtu hupiga nyingi zaidi kwa pesa zile zile, na mkono hujifunza bila woga. Wala si kitu cha watoto. Wanawake wa Olimpiki hushindana kwa bastola ya .22 katika shabaha ya mita 25.

Sasa mumeo achague vipi? Aanze na mpini. Ashike bastola, afumbe macho, ainue mkono, kisha afumbue. Vilengeo vikiwa vimejipanga vyenyewe au karibu, mpini umemkaa. Vikiwa vimeenda upande, aiache hata kama inang'aa vipi.

Pili ni kifyatulio, kile chuma cha kidole. Kivutike kwa ulaini bila kukwaruza, kisha kiachie ghafla. Katika mashindano ya mita 25 sheria inataka kistahimili angalau uzito wa gramu 1,000. Bastola nyingi za kujilinda huwa na kifyatulio kizito kuliko hicho, na kila gramu ya ziada huusukuma mtutu pembeni.

Tatu ni mtutu na vilengeo. Mtutu mzito kidogo kwa mbele hutulia mkononi. Kilengeo cha nyuma kikiwa mbali na cha mbele, kosa dogo huonekana mapema. Cha nyuma kiwe na skurubu za kukisogeza juu, chini na pembeni.

Nne, aulize jinsi ya kuifungua na kuisafisha. Bastola ya kwanza ya kampuni ya Ruger, ya .22, ilitoka mwaka 1949 na ikapendwa sana, lakini kuirudishia vipande vyake kuliwatoa wengi jasho. Miaka mingi ikapita mpaka mwaka 2016, ilipotoka Mark IV inayofunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Iko pia bastola ya hewa ya milimita 4.5, ya shabaha ya mita 10. Ndiyo aliyoitumia Yusuf Dikeç wa Uturuki, mzee wa miaka 51, alipotwaa fedha na mwenzake Şevval İlayda Tarhan huko Paris mwaka 2024. Hata hii asiagize kabla ya kuwauliza wanaotoa leseni.

Na akikata tamaa, msimulie habari za Károly Takács, mwanajeshi wa Hungaria. Mwaka 1938 guruneti lilimharibu mkono wa kulia, ule wa kulengea. Akajifunza kwa mkono wa kushoto kimyakimya, na mwaka 1948 akashinda dhahabu London. Mwaka 1952 akairudia Helsinki. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Jambo la mwisho, mama, ni lako na watoto. Kabla bastola haijavuka mlango, liwepo sanduku la chuma lililokazwa ukutani, na ufunguo usijulikane na mtoto yeyote. Risasi zifungiwe mahali pengine. Pesa za sanduku zikikosekana, basi pesa za bastola hazijapatikana.

Na Jumamosi hii fuatana naye hadi klabuni. Aazime .22 na ile kubwa, apige risasi 10 kwa kila moja, halafu mtundike karatasi mbili hizo sebuleni. Usimwambie neno. Karatasi haina upendeleo, nayo itamweleza yale ambayo hangependa kuyasikia kutoka kwako.