Tunapouanza Mwaka, Twamwuliza Nani Njia?



Mwezi wa Januari huku kwetu ni mwezi wa mvua na ukungu. Mlima Rungwe hufichika kutwa nzima, njia za kwenda vigangoni huteleza, na hata hivyo katika Sherehe ya Maria Mtakatifu Mama wa Mungu makanisa hujaa, wengine wakisimama nje chini ya miamvuli. Baada ya Misa huletwa vitu vya kubarikiwa: funguo za duka, jembe, mbegu, madaftari ya mtoto anayeingia Kidato cha Kwanza, na siku hizi pikipiki iliyonunuliwa kwa mkopo. Twabariki kwa furaha. Anayetaka kuuanza mwaka akiwa mkononi mwa Mungu anataka jambo jema.

Lakini yatupasa kusema pia lile ambalo wengi wetu twalijua na hatulisemi hadharani. Katika majuma hayo hayo, baadhi ya waliofika kanisani mchana hushika njia nyingine usiku, kwenda kwa mpiga ramli. Hatumsemi hapa mganga wa mitishamba anayechemsha majani ya kikohozi. Twamsema yule anayeuza majina ya watu. Mbele yake mtu haulizi, "Nifanye nini?" Huuliza, "Ni nani anayenirudisha nyuma?" Maswali hayo mawili yako mbali kuliko tunavyodhani, na ndiyo tunayopenda kuzungumza nanyi mwanzoni mwa mwaka.

Tutoe mfano, bila kutaja kigango wala jina. Mtoto mdogo alikufa kwa homa. Wazazi wake ni watu wa Misa na wa jumuiya. Padre alifika kuzika, akawaambia kwamba ni mapenzi ya Mungu, akanywa chai, akaondoka haraka kwa sababu jioni ile alikuwa na mazishi mahali pengine. Padre huyo ni mmoja wetu tunaoandika ukurasa huu. Hata kabla matanga hayajaanuliwa, ukoo ulikwenda kwa mpiga ramli, na jina likatoka: mama mzee, mjane, jirani yao wa shamba, mwanajumuiya mwenzao wa miaka mingi.

Hakuna aliyempiga, na kwa hilo twamshukuru Mungu. Ila usiku mmoja migomba yake ilikatwa. Watoto walikatazwa kumwamkia. Rozari ya jumuiya, iliyokuwa ikizunguka nyumba kwa nyumba, iliiruka nyumba yake bila mtu yeyote kutoa amri. Jumapili alikaa peke yake kwenye benchi. Habari zilipofika parokiani, tulihubiri juu ya upendo kwa maneno ya jumla, tukajiona tumetimiza wajibu. Hatukwenda kwake. Ilipita miezi ndipo tukaambiwa kwamba miche ya parachichi imepandwa kwa mstari ulionyooka, hatua kadhaa ndani ya shamba lake, nje ya alama ya zamani ya mpaka. Aliyeipanda hakuwa baba wa mtoto, wala hatusemi kwamba wazazi wale walikuwa na hila. Uchungu wao ulikuwa wa kweli. Alikuwa ndugu wa ukoo, aliyeona kwamba mjane huyu sasa hana mtu wa kumsemea.

Wenyeji wa Rungwe hawahitaji kuelezwa maana ya mche huo. Mahindi yakivunwa, mpaka waweza kurudi palepale. Mparachichi hukaa miaka mingi, na tangu tunda hili lilipopata wanunuzi wa kulisafirisha ng'ambo, kila hatua ya ardhi imekuwa na bei mpya. Anayepanda mti mpakani anajitengenezea shahidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na kuna mabaraza ya kusikiliza migogoro kama hiyo. Lakini mjane aliyekwisha kuitwa mchawi ataingiaje barazani? Nani atakaa upande wake?

Serikali haikunyamaza. Sheria ya Uchawi ilitungwa mwaka 1928, zama za Waingereza. Na mwezi Januari mwaka 2015, kufuatia mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, ramli chonganishi zilipigwa marufuku nchini kote. Twashukuru. Hata hivyo, marufuku haiingii moyoni mwa mzazi aliyefiwa na mtoto. Mfalme Sauli mwenyewe alikuwa amewafukuza wapiga ramli katika nchi yake, kisha hofu ya Wafilisti ilipomzidi, alijigeuza mavazi akaenda usiku kwa mwanamke wa Endori. Aliyetunga marufuku ndiye aliyeivunja. Tukumbuke pia kwamba kabla ya safari ile Sauli alikuwa amemwuliza Mungu, na Mungu hakumjibu. Kukosa jibu ndiko kulikomshinda.

Hapo sisi mapadre, makatekista na viongozi wa walei tunalo la kujibu. Tumekuwa wepesi mno kusema "ni mapenzi ya Mungu" na kuondoka. Mzazi hubaki na neno hilo usiku kucha, likiwa zito kama jiwe, wala hakuna wa kumsaidia kulibeba. Mpiga ramli anayo nafasi ya kumsikiliza. Anauliza maswali, anajua majina ya ukoo, hana haraka. Jibu lake ni uongo, lakini kikao chake ni kirefu kuliko chetu. Laiti padre yule angalikaa, akakiri kwamba hajui kwa nini mtoto amekufa, akawauliza wazazi homa ilianza lini, ni nini kilichowachelewesha kufika hospitalini, Makandana au Igogwe, kama ni nauli, mvua au woga wa gharama, huenda jumuiya ingalipata kazi ya kufanya badala ya mtu wa kumchukia.

Tunapomwomba Mungu mwongozo wa mwaka, basi, tusitazamie kufunuliwa yatakayotupata. Solomoni aliporuhusiwa kuomba lolote, hakuomba maisha marefu wala mali wala kifo cha adui zake. Aliomba moyo msikivu, apate kuwaamua watu kwa haki. Mamajusi walioongozwa na nyota hawakuambiwa watakuwa matajiri; walionywa wasirudi kwa Herode, wakapita njia nyingine, na mtoto akapona. Naye Kaini, aliyekuwa na kinyongo juu ya sadaka yake, aliulizwa na Mungu swali lisilokwepeka, yuko wapi ndugu yake. Mpiga ramli hutupa jina la mtu wa kumwogopa. Mungu naye hutuuliza habari za mtu yule yule, ila hutaka tujibu alipo, na ana hali gani.

Mtume Yakobo aliwaonya wafanyabiashara waliojipangia miji ya kwenda na faida ya mwaka mzima. Hakuwakataza kupanga, aliwataka wakumbuke kwamba uhai si wao. Siku hizi karibu kila mfanyabiashara husema "Mungu akipenda." Wengine husema hivyo huku wakimlazimisha mkulima wa viazi ajaze gunia la lumbesa, ambalo sheria ya vipimo inalikataza, na kumlipa bei ya gunia moja. Mtume huyo huyo, mistari michache baadaye, anawageukia wanaozuia ujira wa wavunaji. Wenye vibarua wa kuchuma chai na wasome mpaka hapo, wasiishie katikati.

Kuna jambo moja la wazee wetu ambalo twaona haya kwamba tumelisahau. Monica Wilson, mtaalamu aliyeishi kati ya Wanyakyusa miaka ya 1930, aliandika kwamba jamaa waliokuwa na ugomvi walipaswa kuitoa hasira yao kwa kusema waziwazi kabla ya kuomba pamoja. Waliamini kwamba sala ya watu wanaoficha kinyongo haifai kitu. Aliandika pia juu ya ukwangala, ule ujirani mwema wa kula na kuzungumza pamoja, ambao waliuhesabu kuwa ndio uhai wa kijiji. Wazee hao hao walikuwa na hofu yao ya wachawi, hatutaki kuwapamba. Lakini katika hili walikuwa karibu na Injili, inayotuagiza tuiache sadaka mbele ya altare, twende kwanza kupatana na ndugu. Inakuwaje sisi tuliobatizwa tuweze kuimba mkesha mzima wa mwaka mpya, benchi la mjane likiwa tupu kando yetu?

Papa Paulo wa Sita aliifanya tarehe 1 Januari kuwa Siku ya Kuombea Amani Duniani, nayo iliadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1968. Kwa siku hiyo ya mwaka 1972 alichagua kaulimbiu ya kwamba anayetaka amani atende haki. Wengine hudhani maneno hayo yanahusu mataifa yanayopigana. Yanahusu pia hatua kadhaa za shamba.

Twaziomba Jumuiya Ndogo Ndogo zote, katika kikao cha kwanza cha mwaka, kabla ya kupanga zamu za rozari na michango, zikae kimya kwa muda, kisha zijiulize: ni nyumba gani tuliyoacha kuitembelea, na ilianza lini? Jina la anayeshukiwa lolote lisitajwe. Itajwe nyumba iliyorukwa. Rozari ianzie hapo. Penye mgogoro wa mpaka, mwenyekiti na watu wawili wanaoaminika wamsindikize mwenye malalamiko mpaka kwenye baraza la ardhi la kijiji, wakae naye hadi shauri lisikilizwe. Wenzetu Wamoraviani, waliopo Rungwe tangu mwaka 1891, na Walutheri wana waamini katika vijiji hivyo hivyo. Wachungaji wao waarifiwe, maana mjane hubaguliwa na madhehebu yote kwa pamoja. Nasi mapadre tumekubaliana kwamba baada ya mazishi ya mtoto, padre au katekista atarudi katika nyumba ile ndani ya juma moja, bila kuitwa, na kukaa.

Yale yatakayoonekana yaandikwe katika daftari la jumuiya na kuletwa kwenye Halmashauri ya Walei kabla ya Jumatano ya Majivu. Kuhusu mama tuliyemtaja, tumekwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza hakufungua mlango. Mara ya pili alitukaribisha, akatuuliza kwa nini tumechelewa.